Koti Moja, Sahihi Mbili

Serikali ilimpa mume wangu nusu ya koti. Sisemi kwa mafumbo. Siku alipoandikishwa polisi wa akiba, wapelekwe kulinda mpaka wetu na Kongo, walipangwa mstari mbele ya meza na afande akagawa koti la mabaka moja kwa kila watu wawili. Kisha akafungua kitabu kikubwa, akamwambia kila mtu atie sahihi kwamba amepokea koti moja. Mume wangu, ambaye shuleni alikuwa mzuri wa hesabu, akauliza kwa adabu zake kama si afadhali waandike nusu. Afande akamjibu kwamba makoti mengine yako njiani. Njia hiyo lazima ni ndefu sana, maana miaka saba imepita na bado yako njiani.

Mwenzake aliyegawiwa naye alikuwa mtu mfupi, mcheshi, mwenyeji wa hukohuko mpakani, na alikuwa ameoa Mkongomani kutoka ng'ambo ya mto. Mume wangu ni mtu wa kaskazini, mrefu hadi anainama kuingia chumbani kwetu. Koti halikumfaa hata mmoja. Kwa mume wangu mikono iliishia chini kidogo ya viwiko, kwa mwenzake pindo lilifika magotini. Nadhani lilishonwa kwa ajili ya mtu wa tatu, na huenda yeye naye yuko njiani.

Utaratibu wao ulikuwa hivi. Wiki moja mmoja alivaa koti akaenda doria kandokando ya mto, na mwingine alibaki kambini kupika, kuteka maji na kufagia mbele ya mlango wa afande, kazi ambazo serikali haikuona zinahitaji mabaka. Jumamosi asubuhi walibadilishana. Bila koti huwezi kwenda doria, waliambiwa, kwa sababu wenzako watadhani wewe ni mtu wa magendo wakupige risasi. Ukiwa nalo, waasi wanajua wewe ni nani na wanakupiga wao. Kwa hiyo sare ilikuwa inamsaidia mtu kuchagua wa kumpiga. Bunduki zenyewe walikuwa nazo askari wa kudumu. Wa akiba walipewa filimbi.

Katikati ya mto ule kuna kisiwa kidogo, majani tu na mawe, na kila doria ilibidi kivukwe kukaguliwa. Maji ni ya kiuno siku za kawaida. Hapo ndipo hao wawili walijiwekea sheria yao, ambayo haikutoka kwa afande yeyote: koti hukabidhiwa likiwa kavu. Kule usiku ni baridi ya kukata mifupa, na ukipokea koti lililolowa Jumamosi asubuhi, Jumapili unakohoa. Basi kila aliyefika kwenye kivuko alivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya jiwe, akaweka viatu juu yake lisipeperuke, akavuka na fulana yake. Akirudi anavaa. Mume wangu alinieleza haya kwa fahari, kama mtu anayeeleza mkataba wa mataifa.

Mimi nilikuwa huku Kampala, Bukoto, nikilea watoto na kuuza sahani na mabeseni ya plastiki kwa jumla katika soko la Kikuubo. Mimi ni mtoto wa polisi, nilizaliwa kambini, baba mtu wa West Nile, mama Muganda. Kiswahili ndiyo lugha niliyochapiwa nayo, na mpaka leo nikiongea kwa sauti sokoni kuna watu wanashika mikoba yao vizuri, maana huku wanakiona ni lugha ya askari na wezi. Mimi Mwislamu, mume wangu Mkatoliki, na kwa miaka yote hiyo hatujawahi kugombana juu ya Mungu, kwa sababu tulikuwa na mambo mengine ya kutosha.

Mojawapo ni koti hilo. Alipokuja likizo nalo, maana kuna nyakati mwenzake alipokuwa mgonjwa alipewa alichukue lote, mimi ndiye niliyelifua. Raia akikutwa na nguo ya jeshi mjini hapa ana kesi, na mwizi akiipata ana mtaji. Kwa hiyo mke wa askari anajua namna ya kuanika: unaligeuza ndani nje, unalitundika kamba ya katikati, halafu unafunika kwa shuka mbele na nyuma, na wewe mwenyewe unakaa kizingitini unachambua maharage mpaka likauke. Nimechambua maharage mengi kwa ajili ya nusu ya koti. Jirani yangu wa chini alikuwa akipita ananiambia, "Mama, nguo ya kuazima haisitiri matako." Nilimwambia aangalie yake kwanza.

Sasa nifike mahali nisipopapenda.

Dada yangu mdogo alikuwa na kwanjula, ile siku ambapo kijana huja na watu wake kujitambulisha kwa wazee wa msichana. Ukoo mzima wa mama yangu ungekuwepo. Na ukoo wa mama yangu, Mungu awape maisha marefu ili niendelee kuwavumilia, walikuwa na wimbo mmoja: mume wako huyo tunamwona kwenye simu tu, ana miguu kweli? Mama zangu wadogo wawili waliwahi kuniuliza mbele ya watu kama niliolewa na askari au na mtandao. Nilichoka. Nilitaka siku moja tu nikae kwenye viti vya mbele, nimevaa gomesi langu la kijani, na huyo mrefu wangu yuko pembeni, watosheke.

Aliomba ruhusa akanyimwa. Afande alisema ruhusa ni ya msiba au ugonjwa, sherehe hazimo. Basi nilimpigia simu nikamwambia nimelazwa. Tumbo. Nikaongeza kwamba daktari anazungumzia upasuaji, kwa sababu nikianza uongo sipendi kuuacha njiani. Nilikuwa buheri wa afya. Nilikuwa nimesimama juu ya stuli, fundi ananipimia pindo.

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa safari nzima ya basi kutoka mpakani. Alifika Ijumaa jioni akihema, na mfuko wa machungwa ya mgonjwa. Akanikuta nikijaribu gomesi mbele ya kioo. Alisimama mlangoni akanitazama, akautazama mfuko wa machungwa.

"Umepona haraka," akasema.

Alikaa akala. Alinieleza tu kwamba Jumamosi hiyo ilikuwa zamu yake ya kupokea koti, na kwamba mwenzake amejitolea kufanya wiki mbili mfululizo ili yeye aje kwa mke wake mgonjwa. Nikamwambia atamletea zawadi. Kesho yake alivaa kanzu ya kuazima, Mkatoliki wangu, akakaa pembeni yangu viti vya mbele, na mama zangu wadogo walimhesabu miguu wakakuta ni miwili. Picha ipo. Tunacheka sote wawili, na mimi nimefungua mdomo mpaka jino la mwisho linaonekana.

Jumamosi hiyohiyo, kule mpakani, mwenzake alifika kwenye kivuko peke yake. Milimani kulikuwa kumenyesha. Asubuhi ya Jumapili walikuta koti juu ya jiwe, limekunjwa, kavu, na viatu juu yake. Yeye hawakumkuta, si siku hiyo, si baadaye, si chini ya mto wala ng'ambo.

Mume wangu aliporudi aliwaeleza juu ya sheria yao ya koti kavu. Afande alimsikiliza, halafu akatoa hukumu ambayo mpaka leo nikiikumbuka nashika kiuno. Alisema mtu anayezama hakunji nguo. Mtu anayekunja nguo ana mpango. Huyu amevua sare ya serikali, amevuka kwenda Kongo, na huko ana wakwe. Akaandika: ametoroka. Halafu akamkabidhi mume wangu lile koti, akasema, "Shika koti lako." Kwa sababu kitabu kilisema makoti ni mawili, na lililopatikana ni moja, lililopatikana lilikuwa la yule aliyepo. La yule asiyekuwepo lilikuwa limekwenda naye. Hesabu ilitoka sawasawa.

Mume wangu hajanilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu, ningepata pa kujibu. Mimi ni hodari wa kujibu. Alirudi mpakani akavaa koti peke yake, wiki zote, na likizo alikuja amelikunja ndani ya begi, nami nikalifua nikaanika nikakaa kizingitini, na hatukulizungumza.

Mwaka uliofuata aliniambia jambo moja tu, tukiwa tunakula. Kwamba ukoo wa marehemu umekataa kuweka matanga. Utamliaje mtu aliyetoroka, walisema, labda yuko kwa wakwe zake anakunywa chai. Walimwambia mke wake, yule Mkongomani, wewe ndiye unayejua ulikomficha. Wakamtoa nyumbani na watoto. Hakuwa mke wala mjane. Hakuruhusiwa kunyoa nywele wala kufunga kitambaa cha msiba. Akaja Kampala kwa Wakongomani wenzake, akaanza kuuza vitenge, anazunguka navyo kichwani.

Anazunguka wapi? Kikuubo, bila shaka. Kampala yote hii ilivyo kubwa. Mume wangu alinionyesha kwa mbali siku moja alipokuja kunibebea mzigo, na tangu hapo kila nilipoona rundo la vitenge linakuja juu ya vichwa vya watu, nilijificha nyuma ya mabeseni yangu. Mimi, ambaye mdomo wangu unajulikana kuanzia kona ya vyombo mpaka kona ya sabuni, nilikuwa najikunyata kama mwizi wa kuku mpaka apite. Yeye hakunijua kwa sura. Nilikuwa namkimbia mtu asiyenitafuta.

Kisha mwaka huu kikosi chao cha akiba kikavunjwa. Ilitolewa amri kwamba kila mtu arudishe koti kwenye stoo moja hapa mjini, ambayo sitaitaja, apewe barua ya kuachishwa kwa heshima. Asiyerudisha ataandikwa ametoroka. Mume wangu barua hiyo aliihitaji kama hewa. Shule moja ya Old Kampala ilikuwa imemwahidi kazi ya kulinda geti, kazi ya mchana, analala nyumbani, na mwalimu mkuu alikuwa amemwambia: lete barua Ijumaa, la sivyo nachukua mwingine. Tulikuwa tumekwisha kumnunulia viatu. Alivipiga rangi vikiwa vipya. Kwa miaka saba nilikuwa nimeolewa na mtandao, kama walivyosema, na sasa nilikuwa karibu kupata mume wa kurudi nyumbani saa kumi na mbili jioni akiuliza chakula kiko wapi. Sikuwahi kutamani kitu kama nilivyotamani kuulizwa hivyo.

Alikwenda stoo mara mbili. Mara zote mbili aliambiwa kesho, na yeye akiambiwa kesho anashukuru. Alhamisi nikamwambia kaa nyumbani na watoto, nipe kadi yako, nitakwenda mimi. Nililifunga koti ndani ya shuka, nikalitia kwenye katoni ya pampasi, nikafunga kamba. Dereva wa boda aliona katoni akanipongeza, akauliza ni wa kiume au wa kike. Nikamwambia ni wa serikali. Akanyamaza njia nzima.

Stoo ilikuwa chumba kirefu na dirisha moja la kupokelea. Nje kulikuwa na benchi. Nilipokaa nikageuka kumsalimia jirani yangu, na mapajani mwake kulikuwa na vitenge.

Hakukuwa na mabeseni ya kujificha nyuma yake. Nilikumbatia katoni yangu.

"Jambo, mama," akasema, kwa Kiswahili chao cha Kongo, kile laini. "Wewe pia unangoja mambo ya koti?"

Nikasema mimi nimeleta.

"Una bahati," akasema. "Mimi nimekuja mara sita. Wananiambia leta koti. Koti iko wapi? Walikuwa nayo moja, yeye na rafiki yake, mtu mrefu. Bwana yangu alikuwa akivaa, watoto wanacheka, wanasema baba amevaa gauni."

Alicheka kidogo mwenyewe. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, maana ilikuwa kweli.

Dirisha lilifunguliwa, naye akaitwa kwanza. Afande wa stoo alikuwa mtu wa makamo, anakula karanga, si mtu mbaya. Mtu mbaya ningemweza. Huyu alikuwa na subira.

"Mama, ni wewe tena. Koti iko wapi?"

"Afande, bwana yangu alikufa maji."

"Sikatai." Akageuza kitabu ili aone. "Lakini tazama hapa. Kitabu iko na safu mbili. Hii ni Amerudisha. Hii ni Ametoroka. Safu ya Amekufa hawakuniwekea. Nitamwandika wapi?"

"Andika amerudisha. Hakutoroka, afande."

"Amerudisha nini? Leta koti, naandika sasa hivi, na barua ya heshima nakupa. Jamaa zake wataisoma. Lakini leo ni siku ya mwisho, mama. Saa kumi kitabu inafungwa, inakwenda makao makuu, na kilichoandikwa kimeandikwa."

Yule mama hakubishana. Alikusanya vitenge vyake akasogea pembeni ya dirisha, akasimama hapohapo ukutani, kama mtu ambaye hana pengine pa kwenda kusimama.

"Nani anafuata?" afande akauliza.

Nilikuwa mimi. Niliweka katoni juu ya meza ya dirisha nikafungua kamba. Afande akatoa shuka, akatoa koti, akalikunjua, akalitazama mbele na nyuma. Akakagua mifuko, vifungo, na bega ambalo nililishona mwenyewe kwa uzi usiofanana.

"Koti ni safi," akasema. "Jina?"

Nataka kusema ukweli juu ya dakika hiyo. Nikisema moyo wangu uliyeyuka kwa huruma nitakuwa nimeanza uongo mwingine. Nilikasirika. Nilimkasirikia huyo mama kwa kuja siku hiyo, angeshindwa nini kuja Jumatano. Nikamkasirikia marehemu na unadhifu wake, maana angelitupa koti chini hovyo kama wanaume wengine, leo angekuwa na kaburi. Na mume wangu naye na shukrani zake za kesho. Niliviona vile viatu mlangoni. Nikaona geti la shule. Nikaona na ile picha yetu, mdomo wangu wazi. Afande alikuwa ameshika kalamu, anatafuna karanga, anasubiri jina.

Nikamtajia jina la marehemu.

Kalamu ikasimama. "Huyu si bwana wa mama huyu?"

"Ndiye."

"Na wewe ni nani wake?"

"Mimi ni mke wa yule aliyevaa naye koti hili." Nikamwekea kadi ya mume wangu mezani.

Akaisoma, akatafuta jina kitabuni kwa kidole. "Na huyu koti yake iko wapi?"

"Ndiyo hiyo uliyoshika."

"Mama, koti haiwezi kuwa ya watu wawili."

"Mwambie aliyeigawa."

Alitafuna kwa muda. Nadhani alijua. Watu wa stoo wanajua kila kitu kilichoingia na kila kitu kisichoingia. "Koti moja ni safu moja," akasema mwishowe. "Nikimwandika yule amerudisha, bwana yako nitamwandika ametoroka. Barua hatapata. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Yeye yuko wapi sasa hivi?"

"Bukoto, nyumbani. Anawapigia watoto pasi."

Akaniangalia, akaangalia kitabu, halafu akaandika yote mawili kwa mwandiko mzuri kabisa. Aliyechukuliwa na maji, amerudisha. Anayepiga pasi, ametoroka. Akagonga mhuri.

Tangu siku hiyo nimeolewa na mtoro. Nilipomweleza mume wangu alikuwa amekaa kitandani na viatu vipya miguuni, anavizoeza. Alisikiliza mpaka mwisho. Akavivua, akavirudisha ndani ya boksi, na karatasi yake juu, akasema, "Sawa." Halafu akaingia bafuni, na maji yalimwagika muda mrefu kuliko mtu yeyote anavyohitaji kuoga. Nilimwacha. Geti la shule lilipewa mtu mwingine, na mrefu wangu sasa ananibebea magunia ya sahani Kikuubo. Wamekuja kumtafuta nyumbani mara moja, vijana wawili na karatasi. Alifungua mlango mwenyewe. Walimuuliza kama anamjua mtu huyu aliyetoroka, akawaambia ni mimi. Walitazamana, wakamwambia mzee acha mzaha, sisi tuko kazini, wakaenda zao. Wanaweza kurudi wakiwa na akili zaidi. Kila pikipiki ikisimama chini ya dirisha letu, mimi huacha ninachofanya mpaka iondoke.

Lakini nimeruka yaliyotokea nje ya stoo, na nimeruka makusudi.

Nilitoka haraka. Nilitaka kufika barabarani kabla hajanifikia, nipande boda, niende. Alinikuta kwenye ngazi. Alikuwa ameshika barua kwa mikono miwili, na aliniomba nimsomee, kwa sababu ilikuwa ya Kiingereza. Nikamsomea, nikimtafsiria kipande kwa kipande: kwamba fulani amelitumikia taifa kwa uaminifu, kwamba amerudisha mali yote ya serikali, kwamba hana kosa lolote. Akaniomba nirudie pale pa hana kosa. Nikarudia. Akasema Jumamosi anapanda basi kwenda kwa wakwe zake na barua hiyo, na safari hii watamnyoa nywele wapende wasipende. Alilia hapohapo kwenye ngazi, kwa sauti, watu wakapita wakitutazama. Miaka miwili alikuwa hajaruhusiwa.

Alipomaliza alijifuta kwa pembe ya kitenge.

"Kwa hiyo wewe ndiye mke wa mrefu," akasema.

Nikasema ndiyo. Nikafungua mdomo nimwambie. Alinitangulia.

"Jumamosi ile asubuhi alinipigia simu. Aliniambia hatapita nyumbani wiki hiyo, mke wa mrefu amelazwa, wanataka kumpasua tumbo, tumwombee. Nikapeleka jina lako kwenye kikundi chetu cha maombi. Nilipokuja Kampala nikalipeleka kwa kikundi cha huku. Kila Jumatano tunakuombea. Liko kwenye karatasi mpaka sasa, maana hakuna mtu aliyetuambia ilikuwaje." Akanishika mkono. "Ulipona, mama?"

Naweza kujibu karibu kila kitu katika maisha haya. Uliza Kikuubo. Lakini nilisimama pale na mkono wangu mkononi mwake, na hakuna kilichokuja isipokuwa ukweli, nao ulikuja vibaya, umekatikakatika. Nikamwambia sikuwa mgonjwa. Sikuwa mgonjwa hata kidogo, nilikuwa nataka mume wangu aje kwenye sherehe ya dada yangu, wiki ile ilikuwa zamu yake, mimi ndiye niliyemwita.

Aliutoa mkono wake. Aliikunja barua mara mbili, mara tatu, akaisukuma ndani ya kifua cha blauzi yake. Akainama, akajitwisha vitenge vyake, akahakikisha vimekaa sawa. Nilidhani ataondoka bila kusema neno, na ningemshukuru. Alishuka ngazi mbili, akageuka.

"Basi nitawaambia wasikufute," akasema.